Mapeasi hapa Uganda: yanaota wapi, yanaliwa vipi, na mbwa wako akiokota moja chini ufanye nini

Mzee wa Matuta (Kabale)

Wakuu salaam. Nafungua uzi wa mapeasi peke yake maana kwenye ule wa matufaha yanatajwa mstari mmoja halafu watu wanarudi kwenye Anna na Golden Dorset zao, na juzi kuna mama aliuliza kama mbwa anaweza kufa kwa kula peasi akapata majibu matano yasiyofanana hata mawili. Mi niko Kabale, nina mipeasi kwenye matuta ya nyuma ya nyumba, si shamba la kutisha ila nimeuzoea huu mti.

Tuanze na mahali maana hapo ndo hela za watu zinapotelea. Mpeasi ni mti wa nchi zenye baridi ya kweli, baridi ikiingia unapukutisha majani unalala, na ili uamke vizuri utoe maua inabidi uwe umelala masaa ya kutosha chini ya nyuzi 7 hivi. Aina kama Williams, Marekani wanaiita Bartlett, inataka karibu masaa 800. Sasa niambieni Uganda hii utayapata wapi labda uhamie Rwenzori kule kwenye barafu. Kabale yenyewe tunayojivunia, mwezi wa 6 na wa 7 usiku unashuka mpaka nyuzi 10 hivi tunavaa makoti, lakini mti wa Ulaya unaona hapa joto tu. Kwa hiyo ukipanda mche wowote ilimradi muuzaji kasema ni peasi, utapata mti mrefu, majani ya kung'aa, kivuli kizuri, na tunda hulioni.

Zinazotufaa ni aina zisizolala sana. Flordahome ilitengenezwa Florida kwa ajili ya sehemu za joto, kuna Hood, kuna Kieffer ambayo ni chotara wa peasi la Ulaya na la Asia, na baadhi ya yale ya Asia yenyewe, yale ya mviringo. Na hizo bado zinataka mwinuko: Kabale, Rubanda, Kisoro, milima ya Kapchorwa na Bulambuli, juu kule Kasese, Zombo upande wa West Nile. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, jamani msijitese.

Jambo la pili, mpeasi mmoja peke yake ni hasara. Aina nyingi haziwezi kujichavusha, zinataka poleni ya aina NYINGINE inayotoa maua wakati huohuo, na miche kumi ya aina moja ni sawa na mche mmoja, hiyo watu hawaelewi kabisa. Flordahome na Hood wanaelewana. Halafu nyuki hawaupendi sana mpeasi, asali ya maua yake ni nyepesi haina sukari, kukiwa na maua mengine karibu wanakupita, ndo maana mi wakati wa maua nafyeka magugu yote yenye maua humo katikati ili wasipate pengine pa kwenda.

Tatu ni kuudanganya mti. Wenye matufaha huku wanajua: ukishavuna, unaacha mti upate kiu kidogo kiangazi, halafu unang'oa majani yote kwa mkono, tawi kwa tawi, mti unabaki uchi majirani wanakuuliza umerogwa. Mti unadhani baridi imepita, wiki kadhaa macho ya matawini yanavimba, maua yanatoka. Na matawi yanayopanda wima unayafunga kwa kamba uyalaze, tawi lililolala linatoa maua kuliko lililosimama. Kwa tufaha hii kazi inakubali sana, watu wanavuna mara mbili kwa mwaka. Peasi ni kaidi zaidi, asikudanganye mtu, lakini linakubali. Kutoka ua mpaka kuvuna hesabu miezi minne mpaka mitano.

Hayo ni ya shambani. Wenye ujuzi wa jikoni na wa mifugo karibuni.

Muyaye wa Nakasero

mzee heshima yako. mi nauza matunda hapa mjini, mapeasi tunayouza karibu yote ya Afrika Kusini, Packham's na yale madogo mekundu Forelle, na bei yake mteja analia, peasi moja inakula hela ya fungu zima la ndizi. sasa swali langu, yale yanayooza kwangu yana mbegu nzuri tu nyeusi, kwa nini nisikaushe mbegu nikapeleka kijijini Rukungiri nikapanda shamba zima bure??

Kapchorwa Juu

Muyaye mbegu zitakuotea lakini utaota wewe mvi kwanza. Mbegu ya peasi ukiitia kwenye udongo hivihivi haiamki, nayo inataka baridi, inabidi uiweke kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji miezi miwili mitatu ndo ichipue. Ikichipua mti wake unaweza kukaa miaka saba mpaka kumi kabla ya tunda la kwanza, na tunda lenyewe halifanani na mama yake, unaweza kupata kitu kigumu kikali. Na kumbuka hayo ya Afrika Kusini ni aina zinazotaka baridi ya Cape, sio ya Rukungiri.

Miche ya kuotesha mbegu kazi yake ni kuwa shina la chini, unabebesha juu yake kijitawi cha aina unayoitaka, hiyo ndo wengine mnaita kugrafti. Mche wa kubebesha unakupa tunda mwaka wa tatu mpaka wa tano. Na ukiupanda hakikisha kile kifundo cha kuungia kiko juu ya udongo, kikizikwa sehemu ya juu inaotesha mizizi yake na faida ya lile shina unaipoteza. Shimo futi mbili kwa mbili, samadi iliyooza vizuri, mti na mti mita nne mpaka tano. Peasi linavumilia udongo mzito kuliko tufaha ila maji yakisimama wiki nzima hapana.

Muyaye wa Nakasero

banange. basi nitaendelea kuuza

Koboko One

Naona hakuna aliyeitaja ile dawa ya kupulizia kuamsha macho, hidrojeni sianamidi, kuna jamaa aliletewa na nduguye. Si rahisi kuliko kung'oa majani mkono kwa mkono?

Mzee wa Matuta (Kabale)

Ndugu yangu wa Koboko hiyo ipo na mashamba makubwa duniani wanatumia, lakini mi siitaki kwenye matuta yangu na nitakwambia sababu moja tu inatosha. Hiyo dawa na pombe haviwezi kukaa kwenye mwili mmoja. Mtu akipulizia halafu jioni akapitia kwenye tonto au waragi, au alikunywa jana yake, mwili unawaka, moyo unakwenda mbio, presha inashuka, anaweza kufa. Sasa wewe nitafutie kijana wa kupulizia huku kwetu ambaye hatapitia hata kwa glasi moja jioni. Umoja wa Ulaya wenyewe waliipiga marufuku. Kung'oa majani kunachosha vidole tu.

Kapchorwa Juu

Naunga mkono mzee hapo. Niongeze upande wa wadudu na magonjwa maana huku Elgon tunapambana. Nzi wa matunda, huyuhuyu anayeharibu maembe, aliingia Uganda kama 2004 na peasi hana shida nalo, anatoboa anataga, wewe unaona tunda zima ukikata ndani funza. Dawa yake nzuri ni kulivalisha tunda mfuko wa karatasi likiwa bado dogo, hata gazeti linafaa, na kuokota KILA kinachoanguka ukakizika chini sana au ukafunga kwenye kavera (mfuko wa plastiki) nyeusi ukaacha juani. Ukiacha matunda yaliyooza chini ya mti unafuga nzi wa msimu ujao.

Na ukiona tawi limenyauka ghafla ncha imejipinda majani yamekuwa meusi yameng'ang'ania kama yameunguzwa na moto, usisubiri, huo unaweza kuwa ule ugonjwa wa bakteria ambao wazungu umewamalizia mashamba mazima ya mapeasi. Kata chini kabisa ya palipoungua, choma tawi, na kila unapokata pangusa mkasi na spiriti kabla hujaenda mti mwingine. Halafu wapigie watafiti, kwa Kigezi wapo Kachwekano, kwa huku kwetu wapo Buginyanya, wote ni NARO, shirika la utafiti wa kilimo la serikali, ndo kazi yao.

Binti Bombo

Asalaam alaykum wote. Mimi ni wa jikoni bwana, shamba nawaachia wazee. Nina la kusema kwa Muyaye na wenzake wauzaji: mnawafundisha watu kulikataa peasi! Mtu ananunua limekuwa gumu kama jiwe anang'ata palepale stendi anasema halina utamu, hatarudia. Peasi la Ulaya linachumwa gumu linaivia ndani ya nyumba, na linaanza kuiva katikati likija nje, kwa hiyo ukisubiri mpaka ngozi ibonyee ndani kumeshakuwa uji wa kahawia. Unabonyeza SHINGO, hapo karibu na kikonyo, shingo ikikubali kidole kidogo basi lile leo. Yakiwa bado weka kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi ya bogoya moja iliyoiva, ile bogoya inatoa gesi ya kuivisha, siku mbili tatu umemaliza. Usitumie kavera, yanatoa jasho yanaoza. Yakishaiva ndo yaende friji, siku kadhaa yatakusubiri.

Yale ya mviringo ya Asia hayana mambo hayo, hayo yanaiva mtini na unayala yakiwa yanakatika kwa kelele, ukisubiri yalainike utasubiri bure.

Mzee wa Matuta (Kabale)

Hajati umesema kweli. Na upande wa kuchuma ni hivyohivyo, la Ulaya ukiliacha liive mtini linakuwa na vile vichanga vingi mdomoni na moyo umeoza. Namna ya kujua: lishike tunda linyanyue mpaka lilale usawa wa tawi, kikonyo kikiachia chenyewe pale kwenye kifundo limekomaa, kikigoma mwache mtoto wa watu.

Mama Rehema Mbale

dada Binti Bombo nisaidie, mwanangu ana miezi nane ameanza kula choo kinakuwa kigumu analia, jirani ananiambia peasi linasaidia, ni kweli au maneno ya sokoni?

Binti Bombo

Kweli dada yangu. Peasi lina nyuzinyuzi nyingi, moja la kawaida lina kama gramu tano na nusu, na lina sukari fulani inaitwa sorbitoli ambayo tumbo haliimalizi, inavuta maji, choo kinalainika. Kwa mtoto wa miezi hiyo menya, toa moyo, chemsha kidogo na maji kiasi lilainike, ponda, vijiko vichache kwanza uone. Usiweke asali, mtoto chini ya mwaka haruhusiwi asali kabisa. Ukizidisha kitageuka cha kuhara, sababu ni hiyohiyo. Na kama kuna homa, tumbo limevimba, au damu, acha matunda nenda hospitali.

Sisi wakubwa tule na ganda lake, nyuzinyuzi nyingi ziko huko, osha vizuri tu. Lote zima ni kama kalori 100, mwenye sukari analiweza moja, ila juisi yake asiiguse kama maji. Mwenye tumbo la gesi nyingi ajihadhari, sorbitoli haina huruma.

Kwa futari mimi nayamenya, nusu kwa nusu, nayatia kwenye sufuria na tangawizi iliyopondwa, mdalasini, iliki mbili, sukari kidogo sana, sigiri iwe na moto mdogo. Tumia ambayo hayajaiva vizuri ndo hayavurugiki. Ukitaka jamu ongeza limau, peasi halina uchachu wa kutosha jamu haishiki.

Boda Stage Ntinda

nimesoma mpaka huku nasubiri habari ya mbwa 😂😂 mzee umetuita na mbwa ukatupeleka kwenye jamu

Vet Kasese

Boda umenitoa mafichoni. Mimi kazi yangu mifugo na wanyama wa nyumbani, nitaandika kwa kirefu mnivumilie maana majibu ya ule uzi mwingine yalinikera, mmoja kasema peasi ni sumu kabisa mwingine kasema mpe tu lote.

Nyama ya peasi lililoiva si sumu kwa mbwa. Mbwa anaweza kula vipande, amekatiwa, umetoa moyo na mbegu na kikonyo. Shida iko kwenye mbegu kwa sababu zina kitu kinaitwa amigdalini, ikitafunwa ikakutana na maji ya tumboni inatoa sianidi. Sasa hapa ndo watu wanaruka. Mbwa akimeza mbegu chache nzima bila kuzitafuna zinatoka nyuma kama zilivyoingia, hakuna kitu. Hatari ni akitafuna nyingi, kwa mfano umemwaga ndoo ya mioyo ya mapeasi baada ya kupika jamu (Hajati nakuangalia) na kambwa kadogo kakajihudumia. Dalili zake haziji kesho, zinakuja mapema: anahema haraka kwa shida, mate yanamtoka, ufizi unakuwa mwekundu wa kung'aa, anayumba, anaanguka. Hapo hakuna dawa ya nyumbani, ni kukimbia kwa daktari wa mifugo.

Kwa uzoefu wangu kitu kinachowaletea mbwa shida kwenye matunda sio mbegu hizo. Cha kwanza ni kukabwa, mbwa wa ulinzi hatafuni, anameza, na moyo wa peasi na kikonyo chake vinaweza kukwama kooni au kwenye utumbo. Cha pili ni dawa za shambani. Mtu amepulizia mti jana, upepo umeangusha matunda, mbwa amekula, halafu wanasema peasi limemuua. Dawa nyingi za wadudu tunazotumia huku zinashambulia mishipa ya fahamu, mbwa anatokwa mate na kutetemeka, na ile lebo yenye siku za kusubiri kabla ya kuvuna inamhusu na yeye. Cha tatu matunda yaliyochacha chini ya mti, hiyo ni pombe tayari na ukungu juu yake.

Kiasi sasa. Vitu vya kuonjaonja vyote kwa siku visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Mbwa wetu wa kienyeji anayekula posho (ugali) na mukene (dagaa), vipande viwili vitatu vya ukubwa wa kidole gumba vinamtosha, na mara ya kwanza mpe kimoja uone tumbo kesho. Mbwa mwenye kisukari au mnene muache. Ya kopo yenye sirapu hapana, na chochote kilichoandikwa bila sukari soma kama kina zailitoli, hiyo kwa mbwa ni sumu ya kweli, inashusha sukari ya damu mpaka anazimia na inaharibu ini.

Boda Stage Ntinda

sasa daktari paka?? paka wangu anakula kila kitu hata rolex (chapati ya kuviringisha na mayai)

Vet Kasese

Paka hasikii utamu, ulimi wake hauna hicho kitu kabisa, akilamba peasi ni kwa udadisi au maji yake. Kakipande hakamdhuru, mbegu zile zile hapana, lakini hana anachopata humo, yeye ni mla nyama. Hiyo rolex ndo iangalie, vitunguu vyake ni sumu kwa paka, kwa mbwa pia, vinavunja damu.

Sungura Farm Jinja

Daktari na sungura? Nina wengi na kuna mtu ananiletea maganda ya mapeasi na matufaha kutoka hotelini bure kila jioni

Vet Kasese

Bure inaua dada. Sungura chakula chake ni majani na nyasi kavu, tumbo lake limejengwa kwa hivyo, sukari nyingi inawaamsha bakteria wabaya, anajaa gesi na hawezi kutapika wala kubeua. Mkubwa mpe kijiko kimoja viwili, mara moja mbili kwa wiki, bila mbegu. Watoto wasipewe. Zile ndoo za hoteli zilizobaki wape kuku, kuku wanachakura vizuri tu, lakini chambua kwanza maana ndoo ya hoteli haina peasi peke yake, mara nyingi mna ganda la ovakedo (parachichi) humo. Hilo ndo la kuogopa. Majani, ganda na mbegu ya ovakedo vina kitu kinaitwa persini, inaharibu moyo wa ndege, sungura, mbuzi, farasi. Kasuku akila ovakedo unaweza kumkuta amekufa siku hiyohiyo au kesho yake. Watu wanakaa wanaogopa peasi na huku mti wa ovakedo uko juu ya banda la mbuzi.

Na zabibu, za mbichi na zile kavu za kwenye keki, mbwa asipewe hata kidogo, zinamaliza figo.

Mzee wa Matuta (Kabale)

Daktari asante sana. Mbuzi na ng'ombe wakiingia shambani je?

Vet Kasese

Mzee, mbuzi kwa mpeasi yeye ndo hatari, sio mpeasi kwake. Atakumenyea gome kuzunguka shina lote na mti umekufa, weka uzio. Matunda machache hayamsumbui. Ng'ombe tatizo ni umbo, tunda zima la mviringo gumu anameza bila kutafuna linakwama kooni, ng'ombe akikwama hawezi kubeua gesi, tumbo la kushoto linavimba na saa zake zinahesabika. Ukitaka kumpa katakata, na usimmwagie debe zima siku moja, sukari nyingi kwa ghafla inachachusha tumbo lake.

Muyaye wa Nakasero

daktari mbwa wa soko letu alikula peasi, kuna mtu akamnywesha mafuta ya kupikia na chumvi eti atapike, ni sawa?

Vet Kasese

Si sawa hata kidogo. Mafuta yanaingia mapafuni, chumvi nyingi yenyewe ni sumu. Mbwa akishaanza kuyumba au kutetemeka usimtie kitu mdomoni. Chukua kilichobaki cha alichokula au picha ya chupa ya dawa iliyopuliziwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo wa wilaya au kliniki iliyo karibu, wa Kampala kuna kliniki ya wanyama pale chuo cha vet Makerere. Piga simu ukiwa njiani.

Mwalimu Kisoro

Nimechelewa ila mimi nataka kununua miche mwezi wa 9 mvua zikianza. Kuna vijana wanapitisha miche kwa baiskeli wanasema ni peasi la mwaka mmoja linazaa, wengine wanasema ni la Israel. Niwaamini?

Kapchorwa Juu

Mwalimu mche wa mwaka mmoja ukizaa huo uzae mbali na wewe, hata ukitoa ua mwaka wa kwanza lichume, mti ujenge matawi. Muulize muuzaji maswali mawili, aina inaitwaje na imebebeshwa juu ya shina gani. Akikujibu "ni ya Israel tu mzee" mwache aendelee na baiskeli yake. Angalia kifundo cha kubebeshea kwa macho, kama shina limenyooka toka chini mpaka juu bila alama huo ni wa mbegu. Na usinunue aina moja, chukua mbili zinazotoa maua pamoja.

Mzee wa Matuta (Kabale)

Na Mwalimu mashimo yachimbwe mwezi wa 8 kukiwa bado kavu, udongo wa juu weka pembeni uchanganye na samadi uache ukae. Kwa mteremko wa Kisoro panda kwenye ukingo wa ndani wa tuta sio wa nje, mvua ya mwezi wa 10 ukingo wa nje unaondoka nao. Njoo inbox nikuelekeze wapi mi nilitoa vijitawi vya Hood, vya bure, ila uje na sindano yako ya kuungia na tepu, mi vyangu vimeisha.

Mwalimu Kisoro

Sindano ya kuungia ndo nini mzee?

Kapchorwa Juu

Anamaanisha kisu kidogo kikali 😂 wembe mpya pia unafaa. Tepu hata ile kavera iliyokatwa vipande vyembamba inashika, funga kwa nguvu maji yasiingie, usiifungue mpaka macho yachipue.